Marufuku Namba 403

Kwanza niwaondoe wasiwasi: nchi yetu haina matatizo. Wapo watu wa nje wanaosema tunayo, lakini watu hao hawasomi taarifa zetu, na taarifa zetu nazijua vizuri kwa sababu nyingi nimeziandika mimi. Naitwa Shekue Mndolwa, karani mkuu wa masijala katika Wizara ya Vibali. Nimeitumikia Wizara miaka thelathini na moja. Nimeona Makatibu Wakuu kumi na wanne wakiingia na kumi na watatu wakitoka, na muda wote huo sijawahi kusema jambo ambalo halijasemwa kwanza na mtu aliye juu yangu. Ndiyo maana bado nina kiti.

Naandika habari za ile wiki ambayo seva ilipiga marufuku ndoa. Yamesemwa mengi mitaani, mengine ya kunivunjia heshima, na baadhi ya waliosema ni majirani zangu, nawajua. Ukweli ni huu.

Miaka miwili kabla ya wiki hiyo, Mtukufu Mlezi wa Taifa, ambaye ndiye rais wetu, alibofya kitu kwenye kompyuta yake, kompyuta ikamjibu kwa lugha ya kigeni. Alikasirika sana. Hakukasirika kwa kuwa imemkatalia, maana hakuelewa kama imemkatalia. Alikasirika kwa kuwa haikumsalimia. Wiki hiyohiyo ikaundwa Kamati ya Kitaifa ya Kuifundisha Mitambo Lugha, nami nikateuliwa katibu wake kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Tulikaa miezi saba. Kazi yetu ilikuwa kutafsiri ujumbe ambao seva hutoa mambo yanapokwenda kombo. Seva, kwa msomaji asiyeijua, ni kompyuta iliyofungiwa kwenye chumba cha baridi. Humo ndimo zinamokaa kurasa zote za tovuti ya Serikali, na mwananchi akitaka ukurasa, seva humletea. Ikishindwa kumletea, humpa namba na neno. Namba hizo ni za dunia nzima. Namba 404, kwa mfano, maana yake ukurasa haupo. Hiyo tuliitafsiri "Haupatikani" siku ya kwanza, tukapongezana, tukaenda kula.

Namba 403 ilitutoa jasho. Maana yake ni kwamba ukurasa upo, ila seva haina ruhusa ya kukuonyesha. Fundi wa Wizara, Leokadia Rwezaura, mwanamke mfupi asiye na subira na watu wazito wa kuelewa, akapendekeza tuandike: "Samahani, siwezi kukufungulia ukurasa huu. Tafadhali mwarifu fundi."

Mwenyekiti akavua miwani. "Nani anayeomba samahani hapa?"

"Seva," Leokadia akasema.

"Seva ni ya nani?"

"Ya Serikali."

"Basi Serikali ndiyo inayoomba samahani. Inamwomba nani? Mtu aliyejilaza kwao na simu?"

Ndipo mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kuandika na si kusema, nikanong'ona neno. Sikulitunga. Lilikuwa kwenye barua nne zilizoletwa mezani kwangu asubuhi ile ile, zote kutoka juu. Nikasema, "Marufuku." Mwenyekiti akalirudia polepole kama mtu anayeonja mchuzi, Kamati ikapiga makofi. Tukaamua liandikwe kwa herufi kubwa, juu yake iwekwe nembo ya Taifa, na juu ya nembo picha ya Mtukufu Mlezi ameinua kidole. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba leo nimeliachia taifa neno. Mwantumu akaniuliza kama nimekumbuka vitunguu.

*

Sasa tuje kwenye wiki yenyewe. Jumatatu aliripoti Katibu Mkuu wa kumi na nne, Bwana Deusdedit Kasimbazi. Kila Katibu Mkuu akiingia hubadilisha kitu ili ijulikane kwamba ameingia. Wa kumi alibadilisha mapazia. Wa kumi na mbili aliligeuza lango la mbele likawa la nyuma, na hadi leo wageni wa Wizara hupitia jikoni. Bwana Kasimbazi yeye alizunguka ofisi zote akiuliza swali moja tu: "Hiki cha nani?" Kiti hiki cha nani, birika hili la nani, huyu mtu wa nani. Alipofika chumba cha seva akauliza mafaili yaliyomo ndani ni ya nani.

Leokadia alikuwa likizo. Aliyekuwepo ni ofisa aliyeazimwa kutoka Idara ya Mifugo, akamweleza alivyojua: kwamba ndani ya seva kila faili lina mwenyewe, na mengi yameandikwa jina la "mtumishi".

"Mtumishi yupi?"

Ofisa hakujua.

"Mafaili ya Wizara yanamilikiwa na mtumishi asiye na jina," akasema Katibu Mkuu, "na nyie mnakunywa chai. Yaandikwe jina langu, yote. Na asiyasome mtu mwingine yeyote."

Yakaandikwa. Leseni za vinyozi, vibali vya visima, ndoa, yote yakawa ya Kasimbazi. Yakabaki mafaili machache, yale ya kurasa za makosa, ofisa akauliza hayo nayo ayaandike jina gani. Katibu Mkuu akarudi nyuma hatua moja. "Makosa siyachukui. Makosa wapeni masijala." Ndivyo nilivyokabidhiwa makosa yote ya Serikali, kwa barua yenye kumbukumbu namba, na barua hiyo nikaifungulia jalada.

*

Sheria yetu inasema hakuna shehe, padri wala mkuu wa wilaya atakayefungisha ndoa mpaka maharusi wachape kibali kutoka kwenye tovuti. Jumanne asubuhi maharusi wakaingia kwenye tovuti. Wakakuta picha ya Mtukufu Mlezi, kidole juu, nembo, na maandishi: 403: MARUFUKU.

Wananchi wetu ni watu wazuri. Walikuwa wamekwisha kupigwa marufuku kupiga mluzi, kupaka nyumba rangi ya kijani, kula mahindi ya kuchoma huku wakitembea, na kufuga kasuku anayetaja majina ya watu. Wakasoma, wakazima simu, wakaenda kuwaarifu wapishi kwamba harusi hakuna. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kufikia saa sita mchana wakuu wa wilaya walikuwa wanashindana. Mmoja alikamata bendi ya tarumbeta ikiwa mazoezini. Wa pili alitaifisha kila sufuria inayoweza kupika wali wa watu zaidi ya ishirini. Wa tatu alichelewa kuamka, akakuta wenzake wamemaliza vitu vyote vya maana, akapiga marufuku hina. Kisha, kwa kuwa hina peke yake ilionekana ndogo, akaongeza posa, uchumba, na kumtazama mtu mara mbili sokoni.

Masijala tuliletewa agizo la kuitafuta Amri Namba 403 na kuithibitisha. Niliitafuta mwenyewe. Nilipata Amri 402, inayokataza kufungua mwavuli ndani ya ofisi ya umma, na Amri 405, inayositisha 402 wakati wa mvua kwa kuwa paa linavuja. Nikaandika taarifa: "403 haimo kabatini, 404 nayo haipatikani." Mkuu wangu wa idara akasema hiyo ya pili anaifahamu, aliwahi kuiona kwenye kompyuta.

Msomaji ataniuliza: wewe si ulijua? Nilijua. Lakini hakuna aliyeniuliza, na mimi si mtu wa kujibu nisichoulizwa.

*

Nyumbani ndiko nilikoulizwa.

Binti yetu Rukaiya alikuwa aolewe Jumamosi hiyo na kijana anayeitwa Mahadhi, mwalimu aliyepangiwa kituo Kisiwa cha Mbali. Boti ilikuwa iondoke Jumatatu. Mwalimu mwenye cheti cha ndoa huruhusiwa kwenda huko na mkewe. Asiye nacho huenda peke yake na kukaa miaka mitatu bila likizo, kwa sababu wale waliopewa likizo zamani hawakurudi.

"Baba," Rukaiya akasema, "hili neno si lako?"

"Ni la Kamati."

"Mama anasema ulikuja nalo siku uliposahau vitunguu."

"Kamati ililipitisha kwa kauli moja."

Mwantumu akaweka sahani chini. "Baba Rukaiya, ni miaka mitatu. Nenda ukawaambie kwamba ile ni kompyuta imekwama."

"Nimwambie nani?"

"Yeyote mwenye masikio."

"Wenye masikio hawana mamlaka," nikasema, na sikuwa natania, nilikuwa nampa muundo wa Wizara.

Rukaiya hakulia. Alikuwa anakunja shuka za kupeleka kisiwani. Akazikunja, akazikunjua, akazikunja tena, akaniacha nimekaa pale. Niliumia sana. Nalisema hapa kwa sababu kwenye taarifa rasmi hakuna kisanduku cha kuliandika.

*

Jumatano Leokadia alirudi kabla likizo haijaisha. Alikuja masijala moja kwa moja, bado ana begi begani.

"Shikamoo mzee. Nani kagusa seva yangu?"

Nikamweleza. Akakaa kwenye kompyuta kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha akachapa karatasi nyingi na kunishika mkono, tukapanda kwa Katibu Mkuu.

"Mheshimiwa," akasema, "ndani ya seva kuna mtumishi. Mwananchi akibofya, yule mtumishi anakwenda kabatini, anachukua ukurasa, anampelekea. Sasa kabati lina jina lako na umesema asisome mwingine. Anafika, anakataliwa, anarudi kumwambia mwananchi 403. Hiki hapa ni kitabu cha mahudhurio yake. Tangu Jumatatu amekwenda mara elfu kumi na moja, na mara zote elfu kumi na moja amerudishwa."

Katibu Mkuu aliguswa. "Na hajaomba ruhusa ya kupumzika?"

"Haombi."

"Yuko daraja gani?"

"Si mtu, mheshimiwa. Ni programu."

"Amepekuliwa na Usalama?"

Leokadia akachukua karatasi akachora mistari mitatu. "Kila faili lina ruhusa za aina tatu. Za mwenyewe, za kundi lake, na za wengine. Mwenyewe ni wewe. Wape hawa wengine ruhusa ya kusoma tu. Hawatafuta kitu, hawataongeza kitu. Ni kazi ya dakika moja, ndoa zinafunguka."

Bwana Kasimbazi akaitazama ile karatasi muda mrefu, kidole chake kikiwa juu ya mstari wa tatu.

"Hawa wengine," akauliza, "kiongozi wao ni nani?"

Akaamua kwamba mtumishi wa seva afike Ijumaa kwa usaili, akiwa na vyeti halisi na picha mbili za pasipoti. Leokadia akanigeukia. "Mzee Shekue ndiye aliyelileta hili neno kwenye Kamati. Atakuambia kwamba si amri, ni kosa la mashine."

"Ni kweli, mzee?" akauliza Katibu Mkuu.

Niliangalia zulia. Ni zulia zuri, liliwekwa na Katibu Mkuu wa saba. Nikasema, "Mheshimiwa, neno hilo liliandikwa na Kamati kwa mujibu wa taratibu."

Tulipotoka Leokadia aliniambia hana la kuniambia, kisha akaniambia kuanzia ghorofa ya nne mpaka chini.

*

Alhamisi Mtukufu Mlezi alikuwa anazindua choo cha soko. Mwandishi wa gazeti la Serikali, ambaye maswali yake huandikwa ofisini kwetu, alijisahau akauliza la kwake. Alisema wananchi wanaomba kuijua hekima iliyomo katika marufuku ya ndoa.

Waliokuwa karibu wananiambia Mtukufu alimwinamia msaidizi wake akauliza kwa sauti ndogo, "Nani kapiga marufuku ndoa?"

"Wewe, Mtukufu."

"Lini?"

"Jumatatu."

Mtukufu akatikisa kichwa taratibu kukubali. Msimlaumu. Mtu anayepiga marufuku vitu vingi namna ile hawezi kukumbuka kimoja kimoja. Akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi, jambo hili nililipima. Nililipima kwa muda mrefu sana. Nikajiuliza, ndoa inaanzaje? Inaanza pale watu wawili wanapokubaliana jambo bila Serikali kuwepo. Leo ni wawili. Kesho ni familia mbili. Keshokutwa ni ukumbi mzima, watu wanakula na kucheka, na Serikali haijui wanacheka nini. Wenzetu walioendelea wamechelewa kuliona hili. Sisi tumewahi. Nawapongeza kwa utulivu mliouonyesha, na naagiza utulivu huo uendelee."

Makofi yalidumu sana. Mke wake mkubwa, aliyeketi kulia kwake, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuacha kupiga.

Leokadia alisikiliza hotuba redioni, akafunga kompyuta. "Basi," akasema. "Jana nilikuwa narekebisha faili. Leo nikiligusa faili hilo nimepindua amri ya rais." Nilimwonea huruma, lakini zaidi nilijionea huruma mimi. Nikarudi nyumbani nikakuta shuka zimerudishwa kabatini.

*

Ijumaa asubuhi sikufanya kazi. Nililitazama kabati, nikalitazama tena, nikatoa lile jalada lenye barua ya Katibu Mkuu ya kunikabidhi makosa. Niliisoma mara tatu kama karani, yaani bila kujali imekusudia nini, nikitazama imesema nini. Kisha nikamfuata Leokadia.

"Zile kurasa za makosa ni za nani?" nikamuuliza.

"Zako, mzee. Wewe ndiye mwenyewe."

"Naweza kubadilisha neno?"

"Unaweza. Lakini kubadilisha neno hakufungui mlango."

"Futa MARUFUKU. Andika RUKSA."

Akanitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimfahamu kumwona hana haraka.

"Picha?"

"Iache."

"Namba?"

"Iache vilevile. Namba ni ya dunia nzima, hatuna mamlaka nayo."

"Mzee, elewa kwamba hujarekebisha kitu. Mtumishi bado anakataliwa. Ukurasa wa ndoa haufunguki."

"Naelewa, mwanangu. Lakini watu wetu hawasomi ukurasa. Wanasoma neno."

Taratibu nilizifuata. Nilijiandikia ombi, nikalipokea, nikajiwekea dokezo pembeni kwamba sina pingamizi, nikaidhinisha, nikagonga muhuri. Saa nane mchana neno lilikuwa limebadilika.

Saa tisa mashine za kuchapa ziliishiwa wino mji mzima. Watu walikuwa wanaingia kwenye tovuti, wanakuta picha, kidole, nembo, na 403: RUKSA, wanachapa, wanakimbia nayo kwa shehe au kwa padri. Shehe anaitazama picha, anaitazama karatasi, anaita mashahidi. Mkuu wa wilaya wa sufuria alizirudisha akiwa ameziosha. Yule wa hina akatangaza kwamba hina sasa ni lazima, wanaume wakiwemo. Mtukufu mwenyewe alipoelezwa kwamba ameruhusu ndoa, alisema hilo nalo alilipima.

Jumamosi ndoa zilifungwa nchi nzima, na mojawapo ilikuwa ya binti yangu. Nililia mbele za watu, mimi ambaye hata kwenye misiba ya viongozi huwa nalia kwa maelekezo. Jumatatu Rukaiya na Mahadhi wakapanda boti na shuka zao, na ile karatasi wameitia kwenye mfuko wa nailoni isilowe.

*

Ningeishia hapo, ila seva ina kurasa nyingi.

Zilikuwepo kurasa zilizofungwa makusudi miaka mingi kabla ya Bwana Kasimbazi. Mojawapo ilikuwa fomu ya kugombea urais. Iliwekwa kwenye tovuti kwa sababu Katiba inasema iwekwe, ikafungwa kwa sababu Katiba haisemi ifunguke. Kila aliyeibofya alipata 403. Sasa mtu fulani, sijui nani, aliibofya Jumapili, akapata picha ya Mtukufu Mlezi, kidole juu, na neno RUKSA. Kufikia Jumanne watu mia nne na sita walikuwa wamepanga foleni Tume ya Uchaguzi, kila mmoja na karatasi yake. Karani wa Tume aliiona picha, akawaandikisha wote.

Jumanne hiyohiyo niliitwa ghorofa ya tatu, kwenye chumba kisicho na namba, kwa ofisa wa Usalama anayeitwa Mgaya. Alikuwa mtu mpole, kalamu ameshaiweka mezani. Karatasi nayo ilikuwa tayari: "Mimi, Shekue Mndolwa, nakiri kwamba neno RUKSA lilitokea kwa makosa, na chochote kilichofanyika kwa neno hilo ni batili."

"Saini hapa, mzee, uende nyumbani," akasema.

Nilishika kalamu. Mimi nimesaini kila kilichowekwa mbele yangu maisha yangu yote. Mwaka mmoja nilisaini barua ya kunifukuza kazi mimi mwenyewe, ikabidi itafutwe ichanwe. Lakini kusoma nimezoea, nikasoma.

"Chochote, pamoja na ndoa?"

"Chochote ni chochote."

Nikamwona Rukaiya anateremshwa kwenye boti ya kurudi, peke yake, na Mahadhi amebaki huko miaka mitatu na barua inayosema hajawahi kuoa. Nikaiweka kalamu chini.

"Si kosa," nikasema.

"Mzee?"

"Nasema si kosa. RUKSA nimeliandika mimi. Na MARUFUKU nililisema mimi, hiyo Kamati ilipiga makofi tu. Andika jina langu, Shekue, lina h."

Mgaya akaniuliza mara ya pili, nikajibu vilevile. Mara ya tatu hakuuliza. Aliinuka, akaenda akafunga mlango, nami nikajua yamenifika. Nikaanza kuhesabu ni nani atakayemwambia Mwantumu.

Akarudi, akaketi, akatoa kwenye mfuko wa shati karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua mezani, akiilainisha kwa kiganja. Nikaiona picha, nikaona kidole.

"Jumamosi, saa saba," akasema. "Tumesubiriana miaka sita. Kila tukikaribia, nahamishwa."

Ni ajabu jinsi mtu wa Usalama anavyokuwa na uso wa kawaida ukikaa naye karibu.

"Hili neno 'makosa', mzee," akasema hatimaye, "tulifute?"

"Tulifute. Na 'batili' nayo."

Akaandika upya kwamba neno lilikuwa sahihi na lilitolewa na mwenye mamlaka nalo, tukasaini wote wawili. Nikamuuliza na wale mia nne na sita wa Tume itakuwaje.

"Nimetumwa kuulizia neno," akasema. "Wagombea sijatumwa."

Nilifika nyumbani nikamweleza Mwantumu yote. Akanimiminia chai, akakaa karibu nami, jambo ambalo hakulifanya wiki nzima. Kisha akaniambia kwamba naye amechukua fomu.

"Fomu gani?"

"Ya urais. Mimi ni wa mia mbili na kumi na saba."

"Mama Rukaiya, wewe unajua kutawala?"

"Nimekaa na wewe miaka ishirini na nane," akasema, akaenda kuangalia mboga.

Uchaguzi ni mwezi ujao. Jana Mahadhi alipiga simu kutoka kisiwani. Wanaendelea vizuri, Rukaiya amepanda bamia, na yeye, kwa kuwa ndiye mwalimu pekee huko, ameteuliwa kuhesabu kura za kisiwa. Nikampongeza. Nikamuuliza kama Serikali imeshampelekea matokeo ya kutangaza, au bado.

Akaniomba nirudie swali, nikarudia.

"Baba," akasema, "si mpaka tuhesabu kwanza?"

Nikampa simu Mama Rukaiya.